Dumu Lenye Tundu na Swali la Saba

Walimu wenzangu mnaobaki,

Mlinitaka niandike kurasa chache za kuweka katika kabati la chumba cha walimu, nieleze nilivyosomesha hisabati miaka yote hii. Nimekubali kwa sababu kukataa kungechukua muda mrefu zaidi. Vyeo sitavitaja, maana vilinijia kwa kuchelewa, na mshahara wa mwalimu kila mmoja wenu anaujua. Nitaandika juu ya mstari ulionyooka. Ndiyo mada niliyoisomesha kuliko zote, na leo, nikiwa nimekaa kwenye rosheni ya ghorofa yangu Michenzani bila kengele ya kunikimbiza, naona siielewi vizuri kama nilivyoielewa siku ya kwanza.

Siku ya kwanza niliielewa kabisa. Nilipangiwa skuli ya mjini, nyuma ya Malindi, darasa ambalo honi za boti ziliingia dirishani kila zilipotaka. Kidato cha Pili, watoto sitini na kitu. Nikaandika ubaoni y = mx + c, nikageuka, nikawaambia wanakili. Msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii c ni nini?"

"Ni c," nikamwambia.

Akaandika. Nikatoka darasani nimeridhika na nafsi yangu.

Aliyenipokea pale na kunishika mkono ni Maalim Shaame, mkuu wa somo la hisabati, mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyevaa kanzu Ijumaa na shati lenye mifuko miwili siku nyingine. Mfuko mmoja wa chaki, mmoja wa tasbihi. Alinikabidhi rula ya mbao ya mita moja, iliyolika pembe, akanipa na nasaha ambazo nilizifuata kwa muda mrefu. Usiupe darasa mgongo zaidi ya mistari mitatu. Chaki ivunje kabla ya kuanza, isije ikakuvunjikia yenyewe ukachekwa. Na kubwa kuliko yote: "Usichore ubaoni nukta ambazo hujui zitaangukia wapi. Chagua namba nyumbani kwako. Zote zikae juu ya mstari. Mtoto akiona nukta moja imetoka nje, kazi yako ya mwezi mzima imeharibika."

Basi nilichagua namba zangu nyumbani. Miaka mingi hakuna nukta yangu iliyotoka nje ya mstari. Watoto wakafaulu, wengine wakafeli, na sikuweza kusema kwa nini hawa na si wale.

Baadaye nikahamishiwa skuli ya mashariki ya kisiwa, jirani na Uroa. Wanafunzi wangu sasa walikuwa watoto wa wavuvi, wa wakulima wa muhogo, wa kina mama wanaolima mwani. Maneno yao mengine yalinipita. Siku za mwanzo ilibidi mtoto mmoja anifasirie alichosema mwenzake, na mimi niliyezaliwa mjini nikijiona ndiye mwenye Kiswahili. Mwalimu mkuu alikuwa Bi. Zuhura, mama mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa jambo linalohitaji maelezo marefu.

Nilikuwa nimeshakaa huko miaka kadhaa tulipoitwa mafunzoni, wiki nzima. Mkufunzi wetu, Bi. Neema, mama kutoka bara, alitwambia kuwa mwalimu asitoe jibu kabla mtoto hajaona swali. Watoto wapime wenyewe, wachore, wabishane, halafu mwalimu ndiyo aseme. Akaliita somo la kudadisi. Nikaandika yote katika daftari. Nilichokuwa sikijui, na niliona haya kuuliza, ni mikono yangu nitaifanyia nini wakati wao wanabishana.

Somo langu la kwanza la namna hiyo lilikuwa la viti. Skuli ilikuwa na viti vya plastiki vya mikutano, vile vinavyoingiliana vikipangwa. Nikawauliza Kidato cha Pili: kiti kimoja kina urefu wa sentimita themanini, je, viti kumi vikipangwa vitafika wapi?

"Mia nane," akasema Raya, aliyekuwa mwepesi wa kila kitu.

"Mia nane ni juu ya paa hili," akasema aliyekaa naye. "Kiti cha pili hakisimami juu ya cha kwanza. Kinakaa ndani yake."

Huyo ndiye Mwanakhamis. Binti mwembamba wa Uroa, mama yake mkulima wa mwani, mwandiko wake umelala kulia kama unasukumwa na upepo. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa kumi. Alikuwa na tabia ya kuanza maneno yake na "kwani", na mwalimu yeyote aliyechoka angeweza kuidhania ni utovu wa adabu.

Wakapima. Kila kiti kiliongeza sentimita sita. Themanini, themanini na sita, tisini na mbili. Wakachora, nukta zikalala juu ya mstari kana kwamba Maalim Shaame ndiye aliyezichagua. Nilifurahi mpaka nikasahau habari ya mikono. Tukapata mlinganyo: urefu ni sita mara idadi ya viti, ongeza sabini na nne.

"Kwani viti sifuri vina urefu gani?" akauliza Mwanakhamis.

"Viti sifuri havina urefu."

"Mlinganyo unasema sabini na nne."

Darasa lote likanitazama. Nikatazama ubao. Mlinganyo kweli ulisema sabini na nne. Nikawaambia tutalirudia hilo. Hatukulirudia, maana sikujua pa kurudia. Nilikuwa nimesomesha herufi ile c tangu ujana wangu, na sasa ilikuwa imesimama mbele yangu kwa umbo la kiti ambacho hakipo.

Wiki iliyofuata, kwa kujiamini kulikobakia, nikaleta dumu.

Kila kitabu cha hisabati nilichowahi kukitumia kina swali la tangi linalovuja. Ni swali zuri kwa mstari unaoteremka. Nikachukua madumu manne meupe ya lita ishirini, yale ambayo maji yanaonekana kwa nje. Nikatoboa kila moja kwa msumari karibu na kitako, nikaziba tundu kwa kijiti, nikabandika ubavuni karatasi yenye vipimo. Ushauri wa kazi: tumieni msumari wa inchi mbili, mwembamba zaidi ya hapo somo halitaisha. Na jazeni maji hadi sentimita thelathini tu, kwa sababu juu ya hapo dumu linaanza kujipinda kuelekea mdomo.

Tukatoka nje, kila kundi na dumu lake. Kijiti kikatolewa, Raya akashika saa. Kila dakika nne wanasoma kipimo. Thelathini. Ishirini na nne. Hapo nikawasimamisha, nikawauliza: maji yamepungua sentimita sita kwa dakika nne, je, dumu litakuwa tupu lini?

"Dakika ya ishirini," wakasema wote.

"Tungojeeni tuone," nikasema, kama mtu anayejua.

Dakika ya nane: kumi na tisa, badala ya kumi na nane. Nikadhani wamesoma vibaya. Dakika ya kumi na mbili: kumi na tano kasoro. Ya kumi na sita: kumi na moja kasoro. Dakika ya ishirini ikafika, dumu halikuwa tupu. Maji ya vidole vinne yalikuwa yamekaa ndani, yakitoka polepole, bila haraka yoyote na sisi. Yalichukua kama dakika arobaini kumalizika, na madumu yote manne yalikuwa hivyo hivyo.

Niliwaambia tundu limeingia takataka. Tukasafisha, tukarudia. Nikawaambia dumu halikukaa sawa. Tukasawazisha kwa mchanga, tukarudia. Siku ya tatu nilileta madumu mengine. Kila mara nukta zilianza kuteremka kama mstari, kisha zikajikunja, zikakataa kufika chini. Nilirudi nyumbani nikatoboa dumu langu mwenyewe, nikakaa nalo bafuni na saa mkononi. Lilinifanyia vilevile.

Sijui kama mnaelewa hali yangu. Swali lile nilikuwa nimelitunga mara ngapi, nimelisahihisha mara ngapi, na kila mara nimemwekea alama mtoto aliyesema tangi litakwisha pale mstari unapogusa chini. Sasa maji yenyewe yanasema siyo.

Aliyenitoa hapo, au aliyenizamisha zaidi, ni Mwanakhamis. Alikuja mapumziko, daftari mkononi.

"Mwalimu, nshaona kitu. Nimechukua vipimo vya siku zote, nimevigawanya kupata wastani. Dakika nne za mwanzo maji yalipungua tano nukta saba. Zilizofuata, tano nukta moja. Kisha nne nukta tano. Kisha tatu nukta tisa."

"Ehe?"

"Kila mara kinapungua kile kinachopungua. Sifuri nukta sita, nukta sita, nukta sita. Mstari upo, mwalimu. Ila haupo kwenye maji. Upo kwenye upungufu wa maji."

Nikamwomba anichoree. Akachora. Nukta zake zilikaa kwenye mstari ulionyooka, mstari wa kitu ambacho sikuwahi kufikiria kuwa kinaweza kuchorwa.

"Na kwa nini iwe hivyo?" nikamuuliza.

"Maji yakiwa mengi yanasukumana. Yakiwa machache, nani atayasukuma?"

Nilimwambia darasani, mbele ya wenzake, kuwa sikuwa nalijua hilo na kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Alikaa chini ameficha uso kwa daftari. Nilihisi nimefika mahali ambapo Bi. Neema alikuwa akitupeleka, ingawa sikuweza kusema ni wapi.

Mwisho wa mwaka ule ukaja mtihani wa majaribio, wa skuli zote za upande wetu. Bi. Zuhura alishatangaza kuwa kwa matokeo hayo ndiyo atagawa Kidato cha Tatu, sayansi huku na sanaa huku, na kwamba anayetaka sayansi lazima afikie alama aliyoiweka kwa hisabati. Mwanakhamis aliitaka sayansi. Hakuniambia mwenyewe, niliambiwa na Raya.

Usahihishaji ulifanyika mjini, na mkuu wa jopo la hisabati alikuwa Maalim Shaame, sasa mvi tupu, mifuko yake ileile miwili. Karatasi zilikuwa na namba tu, bila majina. Kila msahihishaji alipewa swali lake, alisahihishe katika karatasi zote. Mimi nikapewa la saba. Nikalisoma: tangi lina lita mia, linavuja. Baada ya dakika kumi zimebakia lita themanini. Litakuwa tupu baada ya dakika ngapi? Mwongozo ulisema: hamsini. Alama tano.

Nikaanza kazi. Hamsini, hamsini, hamsini. Wengine mia nne, Mungu anajua walikoipata. Siku ya pili nikafika katika mwandiko uliolala kulia.

Alianza kwa Kiingereza cha mtihani, kikamwishia mstari wa pili, akaendelea kwa Kiswahili. Nakumbuka maneno yake karibu yote. Kwamba dumu letu lilipoteza sehemu ya tano ya maji kwa dakika nne, likamalizika kwa dakika arobaini. Tangi hili limepoteza sehemu ya tano kwa dakika kumi. Basi likivuja kama maji yanavyovuja, litamalizika kwa kama dakika mia moja. Na chini akachora mchirizi uliojikunja, bila rula.

Niliandika tano. Kalamu nyekundu, tano kubwa. Kisha nikakaa nayo. Halafu nikaichukua karatasi nikaenda nayo kwa Maalim Shaame, kwa sababu hivyo ndivyo utaratibu ulivyo mtu akitoka nje ya mwongozo, na kwa sababu, nakiri, nilitaka mtu mwingine aubebe uamuzi huo.

Aliisoma mara mbili.

"Huyu mtoto ni wako," akasema.

"Karatasi haina jina, Maalim."

"Sikuuliza jina."

Nikamweleza madumu, vipimo, nukta sita. Nikamwambia hakuna mahali swali limesema tangi linavuja kwa kasi isiyobadilika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaivua miwani.

"Mimi swali la tangi nimelisomesha umri wangu wote," akasema. "Sijapata kutoboa tangi." Akaiweka miwani mezani. "Pengine ni kweli hivyo usemavyo. Lakini maji ya mtihani, mwanangu, hayana tabia za maji. Ukimpa huyu tano, wale mia kadhaa walioandika hamsini utawafanya nini?"

"Wape nao tano."

"Majibu mawili tofauti, yote sahihi?"

Jibu la hilo nalitafuta hata leo. Akanirudishia karatasi.

"Mwongozo ni mwongozo. Lakini kalamu ni yako. Mimi sitakusimamia."

Angeniamrisha ingekuwa rahisi. Nilirudi mezani kwangu. Wenzangu wawili walikuwa wamenyanyua vichwa kunitazama. Nikaikata ile tano, nikaandika sifuri pembeni, nikageuza ukurasa.

Mwanakhamis alipungukiwa alama tatu.

Nilikwenda kwa Bi. Zuhura siku matokeo yalipobandikwa. Nikamwambia huyu binti apelekwe sayansi, swali la saba lilikuwa na kasoro, jibu lake lilikuwa na akili kuliko mwongozo. Bi. Zuhura akaifungua karatasi, maana zilikuwa zimesharudishwa skuli, akaitazama.

"Kama lilikuwa sahihi, kwa nini amepewa sifuri?"

"Ndiyo jopo hilo."

"Na kwenye jopo hukuwemo?"

"Nilikuwemo. Lakini jopo ni jopo, Bi. Zuhura."

Hilo ndilo nililosema. Sikusema uongo, na hakuna uongo nilioujutia kama huo usiokuwa uongo. Yeye akaikunja karatasi. "Basi kama jopo zima la walimu limeona sifuri, mimi nitaonaje tano? Nikimfungulia mmoja, kesho nitafungua wote." Na Mwanakhamis akapelekwa sanaa.

Hisabati inasomwa na wote, wa sayansi na wa sanaa, kwa hiyo nilikuwa naye tena. Siku ya mwanzo ya Kidato cha Tatu aliningoja mlangoni.

"Mwalimu, lile la tangi, jibu lake lilikuwa ngapi?"

"Kwenye mtihani, hamsini."

"Na kwenye tangi?"

"Kwenye tangi ni jengine."

Raya alikuwa nyuma yake, akaingilia kati kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake. "Sisi tuliandika hamsini, mwalimu. Tulijua wanataka nini."

"Basi ungetwambia kuwa ni vitu viwili," akasema Mwanakhamis, akinitazama mimi.

Aliingia akakaa. Miaka miwili alikaa pale. Alikuja kila siku, alifanya kila zoezi, alipata alama za katikati, na sikumsikia tena akisema "kwani". Nilimwuliza maswali, akajibu kinachotosha. Nilijaribu kumpa vitabu vyangu, akavipokea kwa mikono miwili na akavirudisha visafi. Alifaulu mtihani wa mwisho kwa njia ya kawaida na akaondoka.

Mkiniuliza nilifanya nini baada ya hapo, nilibadilisha. Madumu sikuyaacha. Kila mwaka nilitoboa, kila mwaka watoto walishangaa, na mimi pamoja nao. Lakini dakika kumi za mwisho niliandika ubaoni: "tukichukulia kuwa kasi haibadiliki." Nikawafundisha kuyaandika maneno hayo juu ya kila jibu la tangi, kisha waandike hamsini. Hivyo wanasema kweli na wanapata alama. Walimu wengine walinisifu kwa njia hiyo, na nyinyi wengi mnaitumia. Sijui hata sasa kama nilikuwa nikiwapa watoto busara au nikiwafundisha kujificha nyuma ya sentensi, kama nilivyojificha mimi nyuma ya neno jopo. Kuna siku naona ni hili, kuna siku naona ni lile. Wala sikupata kuamua kama kosa langu lilikuwa ni kuandika sifuri au ni kuwapa madumu tangu mwanzo. Mtoto asiyeyaona madumu angeandika hamsini na angekuwa sayansi. Nimelizungusha hilo mpaka kichwa kimechoka.

Muhula wangu wa mwisho akaja kwetu mwalimu mpya wa Kiswahili. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikasikia salamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, kisha nikanyanyua kichwa.

Alikuwa amenenepa kidogo, buibui jeusi, mkoba wa vitabu begani. Mwanakhamis. Bi. Zuhura alikuwa ameshastaafu zamani, na Maalim Shaame, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameshatangulia, na hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua chochote. Wiki tatu tulikaa meza zinazopakana. Shikamoo, marahaba, chaki imekwisha, kengele imechelewa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila adhuhuri nilikusanya vitu vyangu nikarudi mjini.

Ilikuwa siku ya mvua, vipindi vya mwisho vimefutwa, tumebakia wawili. Yeye ndiye aliyeanza.

"Leo nimewapa wanangu insha," akasema. "Mmoja kaandika kitu cha kweli kabisa, lakini si kilichoulizwa. Nmekaa na kalamu, sijui nimpe ngapi. Nkakukumbuka wewe."

Nikasema moyoni, ama sasa ama basi. "Mwanakhamis, ulipoandika lile jibu la tangi, ulijua kuwa wanataka hamsini?"

"Nlijua. Raya na mimi tulilizungumza nje kabla hatujaingia, kuwa likija tangi ni kuandika mstari." Akaupanga mrundo wa madaftari ukae sawa. "Lakini nlidhani atakayesahihisha atakuwa wewe. Nkasema mwalimu akiona hamsini yangu atavunjika moyo."

Mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati, ikabidi nipaze sauti kusema nilichotaka kukisema kwa sauti ya chini.

"Ni mimi niliyesahihisha. Ile sifuri niliiweka mimi."

"Najua, mwalimu."

"Unajua?"

"Karatasi zilirudi. Nliiona tano imekatwa. Na aliyebadilisha alama lazima atie sahihi pembeni. Sahihi yako ilikuwa kwenye kila daftari langu."

Nilikumbuka hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote, kuwa nilitia sahihi. Mkono ulikuwa umefanya wenyewe, kwa utaratibu. Kwa hiyo siku ile aliyoningoja mlangoni kuniuliza jibu la tangi, alikuwa anajua. Na miaka miwili aliyokaa mbele yangu, akipokea vitabu vyangu kwa mikono miwili, alikuwa anajua.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

Alikuwa na daftari la yule mtoto wake wa insha mbele yake, kalamu nyekundu bado imefungwa.

"Nlikuwa nangoja useme wewe," akasema.